Mjomba, Leza na Rupia za Mjerumani

Mikindani kila ukoo una mtu anayejua Mjerumani alikozika rupia zake. Kwetu sisi ni mjomba.

Nilipokwenda likizo, akaniuliza nasomea nini hasa. Nikamwambia sumaku. Macho yakamtoka. Nikaongeza kwamba sumaku zenyewe hazivuti kitu.

"Zimekufa?"

"Hazijafa, mjomba. Zinaitwa antiferomagneti. Ndani yake kila chembe ni kijisumaku, ila majirani wanaelekea kinyume, huyu juu, yule chini. Wanafutana. Msumari hauna wa kumfuata."

"Kama mimi na mkaza mjomba wako."

Nikamwonyesha kichupa cha unga wa kijani, oksidi ya kromi. Mpangilio wake wa kinyumekinyume huvurugika ukifika nyuzi joto 34 hivi, na chini ya bati letu, Desemba ile, nadhani ulikuwa umeshavurugika tangu asubuhi. Akataka kujua tunaupimaje. Nikamwambia kwa mwanga: unaimulika fuwele kwa leza ya kijani, karibu mwanga wote unarudi vilevile, ila kiasi kidogo mno kinarudi kimesogea upande wa wekundu, maana kimeacha nguvu ndani kwa kuvitikisa vile vijisumaku. Ukipima kimesogea kiasi gani, unajua majirani wanashikana kwa nguvu gani. Mfaransa Louis Néel alipata Nobeli mwaka 1970 kwa kuzichambua sumaku za aina hii.

"Na pesa alipewa?"

"Alipewa."

Mjomba akainuka, chai akaiacha.

Usiku leza yangu haionekani, wala miwani yake ya rangi ya chungwa, ile inayozuia kijani na kupitisha wekundu. Kumbe mjomba na wenzake wawili wako na majembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa mtaa, wanamulika mkorosho. Na kwenye miwani, kila jani linawaka jekundu.

"Imerudi nyekundu! Chimbeni hapahapa!"

Wakachimba. Jembe likagonga kitu kigumu. "Sanduku hilo," mjomba akasema, akashusha la pili kwa nguvu zote alizonazo. Maji yakaruka mpaka kwenye matawi.

Nilimkuta amelowa chapachapa, msuli umemganda, miwani bado usoni.

"Mjomba, jani lolote bichi ukilimulika hivyo linatoa wekundu. Ni ile kijani yake inafanya hivyo. Hata mchicha."

"Sasa mbona mchicha hukuutaja?"

Kulipokucha, watu wa maji walikuwa hawajafika. Siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya mtaa mwingine, na wa kwetu mabomba makavu, kwa hiyo kina mama walishajipanga na ndoo. Mjomba kakaa kwenye kigoda pembeni ya shimo, anapokea shilingi mia kwa ndoo, na kusukumana hataki. Mwenyekiti akatoka nje anafoka, nani kamchimbia uwanja wake. Hakuna aliyemjibu. Mkewe alikuwa wa tatu kwenye foleni.