Mtoto Aliyeungua Asishindishwe Njaa

Karatasi ilibandikwa kwa plasta kwenye chuma cha kitanda: ASILE KITU. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu. Alivuta kitambaa cha meza, chai ya moto ikamwagikia kifuani, tumboni na mkono wa kulia. Siku hiyo alipangiwa kusafishwa kidonda kwa nusu kaputi, kwa hiyo tangu saa sita usiku hakuruhusiwa kutia kitu mdomoni. Saa tatu asubuhi tukaambiwa imeingia dharura. Saa sita, tuendelee kusubiri. Saa tisa alasiri nesi akaja: imeahirishwa hadi kesho. "Mpe uji sasa, ila ikifika saa sita usiku asile tena."

Saa kumi na tano. Alishaacha kulia. Alikuwa anatazama tu andazi la mtoto wa kitanda cha pili, kila linapokwenda mdomoni na kurudi kwenye sahani. "Mamdogo, langu liko wapi?"

Ndani ya wiki tatu tulizokaa pale, hayo yalitupata mara nne.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mtoto aliyeungua si mgonjwa wa kushinda njaa. Moto ukishatoka kwenye ngozi unahamia ndani. Moyo unakwenda mbio hata akiwa amelala, mwili unachoma nguvu kupita kawaida, na kwa majeraha makubwa unaweza kufikia hata maradufu ya mtoto mzima wa afya. Yale maji yanayolowanisha bandeji yana protini ndani yake. Mwili usipopata chakula cha kutosha unaanza kula misuli yake wenyewe, na ngozi mpya inakosa cha kujengea. Tuliingia wodini ana kilo 14. Wiki ya tatu mizani ilisoma 12 na nusu. Mtoto akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, kinga yake inalegea, na vidudu vinavyosubiri kwenye kidonda vinapata nafasi.

Sasa fanya hesabu. Mtoto aliyeungua sana anahitaji protini gramu 1.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo 14 ni gramu 21 hadi 42. Kikombe cha uji mweupe mwepesi hakimpi hata gramu tatu. Yai moja linampa sita, kikombe cha maziwa nane. Halafu mama wa kitanda cha jirani, mwanamke mwenye huruma kuliko wote mle wodini, alikuwa anamtolea mwanawe yai kwenye sahani. "Yai linaleta usaha, mwenzangu." Alifundishwa hivyo na wakubwa zake, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba usaha unaletwa na vidudu, na kwamba yai lile ndilo nyama ya kujazia kidonda.

Uji nao unaweza kuwa chakula cha kweli. Tia maziwa, karanga za kusaga, kijiko cha mafuta. Ukiwa mzito hadi haumezeki, koroga unga kidogo wa kimea cha ulezi ungali moto, urudishe jikoni uchemke tena. Utalegea bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye hamu ndogo atapata mengi kwa vijiko vichache. Akishindwa kabisa, msiogope mpira wa puani. Wodini watu wanasema ukiwekwa mpira ndiyo basi tena. Kumbe ni njia ya kumlisha hata akiwa usingizini.

Manesi siwalaumu, usiku walikuwa wawili kwa wodi nzima. Ninachogombana nacho ni ile saa sita usiku inayoandikwa kwa kila mtoto, awe wa kwanza kwenye orodha au wa mwisho. Utaratibu wa kawaida kabla ya nusu kaputi ni muda wa saa sita bila chakula, saa nne bila maziwa ya mama, saa mbili bila maji matupu. Mtoto anayeingia saa tatu asubuhi anaweza kula hadi saa tisa usiku na kunywa maji hadi saa moja asubuhi. Saa ya mwisho ya kula iandikwe kwenye faili kama inavyoandikwa saa ya sindano. Na zamu yake ikiahirishwa, alishwe papo hapo, asisubiri mtu akumbuke.

Mara ya tano nilimfuata daktari wa nusu kaputi mwenyewe, nikamuuliza. Akachukua kalamu, akaandika saa.

Saa nane na nusu usiku nikamwamsha. Alikunywa uji wa maziwa kikombe kizima macho yakiwa yamefumba, kichwa kimelala mkononi mwangu, wodi nzima kimya.