Nyenzo za mtandaoni kwa semina za mwaka wa kwanza: zimsaidie nani?

Muhula wa kwanza ukianza, idara nyingi za vyuo vikuu vya Dar es Salaam hukutana na hesabu ileile. Ukumbi wa mhadhara umejaa mamia ya wanafunzi wapya, na mamia hao lazima wagawanywe kwenye vikundi vya semina. Wanaoviongoza ni wakufunzi wasaidizi, ambao baadhi yao wamemaliza shahada ya kwanza juzi tu. Hapo ndipo hoja inapozuka: idara iandae nyenzo za pamoja na kuziweka mtandaoni, au kila kiongozi wa semina ajitafutie?

Wanaotaka nyenzo za pamoja wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya haki. Kikundi cha Jumatatu kikifundishwa vizuri namna ya kutaja chanzo, na cha Alhamisi kikaishia kupiga soga juu ya mada hiyohiyo, wote watakutana kwenye mtihani mmoja na msahihishaji mmoja. Wa Alhamisi ndio watakaokula sapu, yaani kurudia mtihani. Kuna pia suala la kazi: wakufunzi wanane wakiandaa zoezi lilelile kila mmoja kivyake, idara imelifanya mara nane na haina hata nakala moja ya kumpa atakayekuja mwakani.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Semina haikusudiwi kuwa mhadhara mdogo. Faida yake ni kiongozi kusikiliza mwanafunzi amekwama wapi na kumfuata hukohuko. Mpe mkufunzi mgeni slaidi 25 na atazisoma zote hadi muda uishe, kwa sababu ukimya wa darasa unatisha na slaidi zinampa pa kujificha. Halafu kuna madesa, yaani nakala za notsi na majibu zinazopitishwa kati ya wanafunzi. Chochote kilichowekwa mtandaoni asubuhi, jioni kimefika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mwezi unaofuata kinauzwa kopi steshenari. Majibu ya mfano yakivuja, yanakaririwa.

Ukiwasikiliza kwa makini utaona pande hizi mbili hazizungumzii kitu kimoja. Wanaopinga wanapinga maudhui yaliyotafunwa tayari, yaani slaidi, muhtasari na majibu. Kinachomwokoa mkufunzi mgeni ni kitu kingine: mwongozo wa kuendesha mjadala, kurasa mbili kwa kila wiki, unaomwambia aulize nini, kwa mpangilio gani, kwa dakika ngapi, na wanafunzi watakosea wapi. Maoni yangu ni kwamba huo uandaliwe kwa pamoja, na maudhui yaliyotafunwa yaachwe.

Tuchukue semina ya wizi wa kitaaluma, ambayo karibu kila kozi ya stadi za mawasiliano inayo. Karatasi ya mwanafunzi ina kifungu kifupi kinachodai kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilifanikiwa zaidi kujenga umoja wa taifa kuliko kuinua uzalishaji. Chini yake kuna matoleo matatu. Toleo A limenakili kifungu neno kwa neno bila kutaja chanzo. Toleo B limebadilisha maneno manne, likaacha muundo na hoja vilevile, tena bila chanzo. Toleo C limeieleza hoja upya na kumtaja mwenye nayo, lakini mwaka 1967 wenyewe haukuwekewa chanzo. Swali ni moja: wizi uko wapi?

Mwongozo wa mkufunzi unamweleza mapema kitakachotokea. Karibu wote watanyooshea kidole A. Wengi watamtetea B kwamba "ametumia maneno yake", na wachache watamshika C kwa sababu ya mwaka. Semina nzima iko kwa B, kwa hiyo A isichukue zaidi ya dakika mbili. Kila jozi iandike herufi yake kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajasema. Wakipiga kura kwa mikono, watafuata wa kwanza kunyoosha. Muda ni dakika 50: 5 za kukaa na kusikiliza maelekezo, 5 za kusoma, 10 za kujadiliana wawiliwawili, 20 za mjadala wa wote, na 10 za kila mmoja kuliandika upya toleo B likiwa sahihi.

Zile dakika 10 za wawiliwawili ziende kwa Kiswahili, na mwongozo useme hivyo wazi. Lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, na mjadala wa wote utarudi huko, lakini mwanafunzi anayetafuta hoja na msamiati kwa wakati mmoja hunyamaza. Mkufunzi mgeni huogopa kuruhusu hilo asipoliona limeandikwa.

Mambo madogo huvuruga kuliko makubwa. Kuita majina ya watu 40 kunakula dakika 10. Karatasi ya mahudhurio izunguke wakati watu wanasoma. Kifungu kiwe kwenye karatasi ya zoezi lenyewe, maana ukitegemea wamesoma nyumbani, nusu hawakusoma. Panga nakala mbili za zoezi kwenye A4 moja ili gharama ya kopi ipungue nusu. Wiki mbili za kwanza zisibebe jambo ambalo wiki ya tatu inalitegemea, kwani udahili huenda kwa awamu na kuna wanafunzi watakaoripoti wenzao wameshaanza.

Kitu cha pili kinachostahili kuandaliwa kwa pamoja ni usahihishaji. Weka insha tatu fupi, moja nzuri, moja ya kati na moja ya kufeli, kila kiongozi azipe alama peke yake, kisha mkutane. Insha moja ikipishana kwa zaidi ya alama 10 kwa 100, kuna mtu anasahihisha Kiingereza na mwingine anasahihisha hoja. Lizungumzeni kabla kazi halisi hazijafika. Insha hizo ziandikwe na walimu wenyewe. Kutumia kazi ya mwanafunzi wa mwaka jana bila ridhaa yake hakukuwa jambo zuri hata zamani, na tangu kupitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la adabu tu.

Video sizipendekezi, ingawa ndizo zinazovutia wafadhili. Dakika 10 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni MB 75. Sauti peke yake kwa kilobiti 48 ni MB 3.6. Mwongozo wa kurasa mbili usio na picha haufiki hata MB 1, na video ikishakosewa hairekebishwi kwa dakika tano kama faili la Word. Ndiyo, faili la Word kwa walimu: PDF humfanya mkufunzi atumie kitu hata kama hakifai kikundi chake, kwa sababu hawezi kukigusa. Wanafunzi ndio wapewe PDF. Na kila kiongozi awe na nakala ya muhula mzima kwenye flashi au simu. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya. Aliyetegemea kufungua kila kitu dakika tano kabla ya kipindi hakuwa na pa kushika.

Kwa vyuo vinavyotumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, miongozo ya walimu ikae kwenye kozi yake yenye walimu tu. Njia ya mkato inayopendwa ni kuificha ndani ya kozi ya wanafunzi. Kozi ikinakiliwa kwa mwaka mpya, mtu mmoja akibonyeza alama ya jicho, ile ya kuficha na kufichua, bila kuangalia, kila kitu kiko wazi. Viungo vilivyoandikwa ndani ya faili za Word navyo vitaendelea kuelekeza kwenye kozi ya mwaka jana, kwa hiyo andika "zoezi la wiki ya 3" badala ya kubandika anwani. Kuhusu kuvuja kwenyewe, nadhani hofu imezidi. Mwongozo wa maswali na makosa yanayotarajiwa ukivuja, mwanafunzi atakayeusoma atakuja amejiandaa. Majibu ya insha ndiyo ya kulinda, na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 hata hayo yanapatikana bila kuvuja.

Wapo wanaosema tuchukue vya nje, vimejaa bure. Ni kweli, na leseni huria ya CC BY inaruhusu kubadilisha mradi umtaje mwenyewe. Kozi za MIT OpenCourseWare, ambazo chuo cha MIT cha Marekani kimeziweka bure mtandaoni, zina leseni inayozuia biashara na inayotaka ulichobadilisha ukitoe kwa masharti yaleyale. Tatizo ni umbo. Kozi ya mfano huko Marekani, University 101 ya Chuo Kikuu cha South Carolina, ilianza 1972 ikilenga kumzoesha mwanafunzi maisha ya chuo, kwenye darasa dogo lenye mwalimu wake. Kiini hicho hakiingii kirahisi kwenye semina iliyo mkia wa mhadhara wa mamia. Chukua zoezi mojamoja, acha mtaala.

Linalobaki ni nani atavitunza. Wakufunzi wasaidizi huondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili, na upandishaji vyeo unatazama machapisho. Kwa hiyo kazi iwe na jina la mtu na tarehe ya toleo kwenye kila faili, na baada ya mitihani viongozi wakae saa moja, kila mmoja alete swali moja lililokufa darasani, lifutwe au libadilishwe. Mtu huyo apunguziwe kikundi kimoja cha semina kwa kazi hiyo. Idara isiyoweza hilo ingoje kwanza, kwa sababu mkufunzi mgeni huamini anachokikuta, na mwongozo wenye kanuni za mtihani za miaka mitatu nyuma utampotosha pamoja na kikundi chake chote.