Sikilizeni kikao chenyewe

Nimesoma makala inayopendekeza washauri nasaha wapewe mtihani wa kuandika kabla ya kuruhusiwa kutibu watoto wenye wasiwasi uliopitiliza. Mimi ni mshauri nasaha, na naona mtihani huo utakosa jambo kubwa kuliko yote. Katika tiba ya fikra na tabia (CBT), yaani tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kubadili mawazo na mienendo inayolisha hofu, kazi hasa ni kumsogeza mtoto kidogo kidogo kuelekea kile anachokiogopa: leo asome kwa sauti mbele ya mtu mmoja, wiki ijayo mbele ya watatu. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Mtoto akianza kutetemeka tunamwonea huruma, tunabadilisha mada, na ile hofu inazidi kuota mizizi. Karatasi haiwezi kuonyesha hilo. Kikao cha tiba kilichorekodiwa, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto, kinaonyesha waziwazi.

Uingereza kuna kipimo cha ustadi wa mtaalamu wa tiba hii, chenye vipengele 12, kila kimoja alama 0 hadi 6, kinachojazwa na mtu aliyefuatilia kikao. Ila kilitengenezwa kwa tiba ya watu wazima. Kwa mtoto wa miaka 9 ningeongeza: mzazi alishirikishwaje? Mtaalamu alitumia michezo na michoro, au alihutubia tu?