Nguvu za Steven: kito au nyama?

Kwenye vibanda vya Mwanjelwa, Mbeya, vinavyoingiza muvi kwenye flashi, ukiigusa Steven Universe umeanzisha ligi. Katuni hiyo ya Rebecca Sugar ilianza Cartoon Network mwaka 2013, awamu ya mwisho ikafungwa 2020, lakini ubishi upo pale pale. Baba yake Steven ni Greg, binadamu mpiga gitaa. Mama yake ni Rose Quartz, kiumbe ambaye mwili wake ni mwanga tu unaotoka kwenye kito. Rose aliacha umbo lake ili mtoto azaliwe, kito kikabaki kitovuni mwa Steven. Sasa ile ngao, kuponya na kuelea hewani ni kazi ya kito peke yake, au kuna cha Greg humo?

Wa upande wa kito wana ushahidi mzito. Katika kipindi cha Januari 2019, White Diamond, mtawala wa viumbe wa vito, anakichomoa kito kwa kucha zake. Steven wa nyama anabaki hoi, mpaka rafiki yake Connie ambebe. Kito nacho kinajiundia Steven mwingine wa rangi ya waridi, uso mkavu, anayerudisha mapigo ya White bila kutoka jasho. “Umeona, kaka? Binadamu pale ni mzigo tu.”

Mimi sikubali kirahisi hivyo. Rose alicheza dansi na Greg wakitaka kuungana wawe mtu mmoja, ikagoma. Steven akacheza na Connie, binadamu mtupu, wakaungana, akatokea mtu mmoja, Stevonnie. Kito ni kile kile, ila kilichomshinda mama mtoto amekiweza. Na kuponya je? Rose aliponya kwa machozi. Steven akajaribu kulia, wapi! Kumbe dawa ilikuwa kwenye mate: Connie alinyonya juisi kwa mrija alioutumia Steven, macho yakapona, miwani ikakosa kazi.

Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe angelielewa hili upesi. Mche wa kubebesha una shina la kienyeji chini na kikonyo cha Hass, parachichi la kisasa, juu, na tunda hufuata kikonyo. Wengi watasema kito ndicho kikonyo, kwa kuwa kinaonekana kama kimepachikwa. Naona kinyume: kito ni shina, nyama ndiyo kikonyo. Kata kikonyo, kitanyauka, na shina litachipua lenyewe, ndivyo ilivyokuwa 2019. Lakini likichipua peke yake linazaa ya kienyeji. Yule Steven wa waridi tulimwona akikinga na kusukuma, basi.

Tena kuna ile eksirei ya awamu ya mwisho. Mama yake Connie, ambaye ni daktari, anakuta mifupa ya Steven ilishavunjika mara nyingi ikaunga yenyewe, alama zikabaki. Mwili wa mwanga hauna mfupa wa kuvunjika. Kwangu hapo ndipo kito kinapoonekana kikifanya kazi ndani ya nyama, si kando yake.

Linalonisumbua ni Lars, kijana binadamu rafiki yake Steven. Alikufa, machozi ya Steven yakamfufua, akawa wa waridi mwili mzima kama yule simba aliyekuwa wa Rose. Safari hiyo machozi yalikubali, na hiyo ni nguvu ya mama vile vile ilivyokuwa. Wa upande wa kito wakinibana kwa Lars, sina jibu la kuwatosha.