Mwaka 2066 wa ozoni na gesi ambazo hakuna anayezihesabu

Tathmini ya wanasayansi wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inasema sera za sasa zikiendelea kufuatwa, tabaka la ozoni, linalotukinga na mionzi mikali ya jua, litarudi lilivyokuwa mwaka 1980 kufikia 2066 hivi juu ya Antaktika, 2045 juu ya Aktiki, na 2040 kwingineko duniani. Wengi tumeishika hiyo miaka tukasahau sharti lake. Kwangu sharti ndilo habari yenyewe.

Wanaoziamini modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazotoa miaka hiyo, wana hoja nzito. Mwaka 1974 wanakemia Molina na Rowland walieleza jinsi mionzi ya jua inavyoivunja CFC, gesi zilizotumika kwenye majokofu na mapovu, huko juu na kuacha klorini inayoila ozoni. Tangu hapo kemia hiyo imepimwa kwa ndege, puto na satelaiti. Aina moja, CFC-11, hudumu angani miaka 50 hivi, nyingine, CFC-12, karibu 100, kwa hiyo mengi yatakayotokea yameshapanda hewani tayari. Kuyakokotoa si kupiga ramli. Na baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kuachana na gesi zinazoharibu ozoni, klorini huko juu imeshuka kweli.

Lakini modeli hula inacholishwa. Mwaka 2018 wapimaji walitangaza kwamba CFC-11 inapungua polepole kuliko inavyopaswa, ilhali kwenye ripoti za serikali uzalishaji wake ulikuwa umekoma tangu 2010. Mwaka uliofuata vipimo vya vituo vya Korea Kusini na Japani vilionyesha kuwa sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka mashariki mwa China. Utoaji ukashuka baada ya kelele hizo. Kemia haikukosea popote. Kilichokosewa ni hesabu ya nani anatoa nini. Na dikloromethani, kiyeyushi cha viwandani chenye klorini, haimo kabisa kwenye itifaki.

Hesabu hiyo inavuja hata mitaani kwetu. Nimewahi kusimama kando ya fundi wa viyoyozi akifungua bomba: R22, gesi ya kupoozea, ikatoka kwa mlio mkali, ubaridi ukaganda kwenye nati, dakika chache ikawa imekwisha. Akajaza nyingine. Hakuna aliyeandika ni kilo ngapi zimepotea. R22 ina klorini, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuachana nayo. (Marekebisho ya itifaki hiyo yaliyofanywa Kigali mwaka 2016, ambayo watu huyachanganya na suala hili, yanahusu HFC, gesi nyingine za kupoozea zisizo na klorini ila hupasha dunia joto.) Povu la majokofu ya zamani nalo huachia CFC kidogo kidogo. Kwenye modeli, yote haya huingia kama makisio.

Kwa hiyo naiamini 2066 kama hesabu, siichukui kama ahadi. Vituo vya kupima gesi hizi barani Afrika ni vichache mno, na hapo ndipo fedha ziende kwanza, kabla ya kompyuta kubwa zaidi. Sekretarieti ya ozoni, ofisi inayosimamia itifaki hiyo, iko Nairobi. Karakana za jiji hilohilo zingefaa kuanza, kila moja na mtungi wa kukusanyia gesi kuukuu na daftari la kilo.