Sikuwa Uchi, Nilikuwa na Kaptula

Naanza na hilo kwa sababu najua habari imeshawafikia. Toka juzi usiku simu yangu haipumui. Mtu niliyesoma naye darasa la nne, hajanisalimia miaka, leo asubuhi kanitumia ujumbe wa neno moja: "Tamaa?" Binamu yangu kapiga kutoka Mtwara kuuliza kama nimeanza kuumwa na familia inafichwa. Yote hii ni kazi ya rafiki yangu mmoja, jina namhifadhia kwa sasa, alikuwa mstari wa nyuma na sahani yake ya sambusa, na kabla sijafika Sinza alishawatangazia watu kwamba nimejipiga picha ya uchi nikaiweka ndani ya twiga.

Ndani ya twiga ni kweli. Uchi hapana.

Mzee mnamjua, yule mchoraji wa tingatinga, ile michoro ya wanyama yenye jina la marehemu aliyeianzisha, ninayemsaidia mambo ya simu na kompyuta. Alikuwa na maonyesho upande wa Msasani, ukumbi mdogo, kuta zimebeba picha saba tu. Zilizobaki kumi na mbili akataka zioneshwe kwa projekta. "Kijana, nipigie picha, zinyooke, zing'ae." Nikamwambia Mzee usiwe na wasiwasi, hiyo kazi ya usiku mmoja. Elfu hamsini. Ningejua ningemlipa yeye.

Sasa, ambaye hajawahi kupiga picha mchoro wa tingatinga atadhani ni kuelekeza simu na kubonyeza. Ile ni rangi ya mafuta, ukoo mmoja na ile iliyokuwa inapakwa baiskeli, na Mzee bado anachora kwenye silingi bodi kama walivyoanza wazee wake. Bodi laini, rangi tabaka juu ya tabaka. Ikikauka ni kioo. Ukisimama mbele yake unajiona wewe, dirisha, pazia, na ndoo ya maji iliyo nyuma yako. Tembo yupo, lakini kavaa ndoo.

Dawa yake ni kupiga kwa upande. Unaikwepa ile mbele, simu inakaa kulia kidogo, unajitoa kwenye mng'ao. Gharama yake ni kwamba mchoro unatoka umepinda: ubavu wa karibu mrefu, wa mbali mfupi, kama ubao uliokatwa na fundi aliyeamkia gongo. Hapo ndipo unaingia kwenye kompyuta kuunyoosha. Na msisogelee sana na simu, kingo zinatoa kitambi. Rudi nyuma, vuta kwa zumu. Hiyo nawapa bure, maana hela ya kazi hii sijaiona.

Haya. Nikaweka simu juu ya kigoda upande wa kulia, imelala, imeegemea chupa ya chai. Picha kwenye kiti, mbele. Tatizo likabaki moja: dirisha. Liko upande wa kushoto, na mwanga ukigonga kioo kutoka kushoto unaondokea kulia kwa pembe ileile, moja kwa moja kwenye simu. Mstari mweupe katikati ya kila mchoro. Nikahitaji kitambaa cheusi cha kuziba. Sina. Nikachungulia nje, kwenye kamba ya Shangazi kuna kanga, nyekundu iliyoiva na nyeusi, imeshakauka. Nikaona isiwe tabu.

Februari, Sinza, chumba cha bati. Feni nimeizima kwa sababu inapeperusha kanga. Shati nimevua. Nimebaki na kaptula. Kaptula, jamani.

Utaratibu ukawa huu: nabonyeza simu, inahesabu sekunde kumi, nakimbia upande wa kushoto, nasimama sambamba na picha, nanyanyua kanga kwa pembe zake mbili mikono imetanuliwa, usawa wa kidevu, natulia tuli mpaka ilie. Nikarudia mara kumi na mbili. Jasho mpaka kwenye visigino. Mstari mweupe ukafa kabisa nikajisifu kwa sauti, peke yangu, chumbani.

Wale mnaojua fizikia mmeshaanza kucheka. Ngojeni wenzenu wafike.

Kwamba mwanga wa kushoto unaishia kwenye simu, hilo nililijua, ndiyo maana niliziba dirisha. Kwamba yeyote anayesimama kushoto kuziba dirisha, na yeye pia anaishia kwenye simu, hilo halikunijia. Sikuwa nimeondoa kitu kwenye kioo. Nilikuwa nimeondoa dirisha nikajiweka mimi.

Usiku nikaingia kwenye GIMP, ile programu ya bure. Ina kifaa cha kunyoosha: unakiambia kwamba unarekebisha, unavuta vialama vinne mpaka kwenye kona nne za mchoro, unabonyeza, ule ubao wa fundi mlevi unasimama wima kama askari. Raha yake acha. Ila kifaa hakina futi. Hakijui mchoro wako una upana gani na urefu gani. Kinachukua ulichokionesha na kukitandaza kijae picha nzima, na simu yangu ilikuwa imelala, kwa hiyo kila kitu kikatoka kipana, nne kwa tatu. Michoro kumi na moja ilikuwa ya mraba, sentimita 60 kwa 60, na yote ikatoka imenenepa. Basi ukimaliza kunyoosha unakwenda kwenye vipimo, unafungua kale kamnyororo kanakofunga upana na urefu, unaandika vipimo vya kweli, mnyama anarudi mwilini mwake. Nikafanya hivyo kwa samaki, kwa kanga wale ndege, kwa tembo, kwa soko la Kariakoo, yote.

Wa kumi na mbili ni twiga. Twiga wa usiku, kasimama peke yake, nyuma yake weusi mtupu. Upana 90, urefu 120. Nikamnyoosha. Ule weusi nikauona una ukungu fulani katikati, nikasema hilo vumbi, nikavuta kontrasti. Nikahifadhi. Nataka kwenda kwenye vipimo, umeme ukakatika. Laptopu yangu betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya, nayo ikaenda. Umeme uliporudi saa kumi alfajiri nikafungua folda, nikaona namba 12 ipo, nikalala.

Ukumbini sasa. Watu kama arobaini. Taa zimezimwa. Shangazi yuko mlangoni na sinia, maana vitafunwa nilimtafutia mimi hiyo oda, mniandikie thawabu mahali. Picha zinapita moja moja na watu wanapiga makofi. Samaki, makofi. Tembo, makofi. Mzee kakaa mbele na kofia yake, anatikisa kichwa taratibu kama imamu aliyeridhika na msomaji.

Namba 12.

Kwanza hakuna aliyesema kitu. Ukuta mzima umejaa mnyama mpana, miguu mifupi minene, shingo kama ya mwizi aliyejificha. Madoa yametanuka kama chapati. Nikasikia kiti cha Mzee kinalia.

"Kijana."

"Naam, Mzee."

"Huyu nani?"

"Twiga, Mzee."

"Mimi nimechora mnyama wa kwenda juu. Huyu ng'ombe wa maziwa umemtoa wapi?" Watu wakaanza kuguna. Mzee akawageukia wageni, ndiyo kwanza kapata hadhira. "Marehemu Tingatinga alichora miaka minne tu, kuanzia 1968 mpaka kufa kwake 1972, na kazi yake inatulisha mpaka leo. Huyu usiku mmoja tu kanikatia twiga shingo!"

Ingeishia hapo ningekuwa nimepona. Nawaapia. Watu walicheka, Mzee mwenyewe alikuwa anaelekea kucheka.

Lakini kulikuwa na kijana wa projekta. Kila ukumbi unaye mmoja, mpole, msaidizi, mwenye kiherehere. "Mzee usijali, ngoja nimvute." Akaifungua picha, akafungua kamnyororo, akauliza vipimo. Mzee akavitaja kwa sauti. Kijana akaandika. Twiga akaanza kupanda. Shingo ikaja, miguu ikaja, ukumbi ukapiga makofi, Mzee akakaa chini.

Sasa mkumbuke, ndani ya ule weusi na mimi nilikuwepo. Nilipokuwa mpana nilikuwa vumbi. Twiga alivyorudi kwenye mwili wake, na mimi nikarudi kwenye wangu.

Mtoto mdogo, miaka mitano hivi, mapajani kwa mama yake: "Mama, kuna mtu."

"Wapi?"

"Nyuma ya twiga. Hana nguo."

Kimya. Mnajua kimya cha watu arobaini wanaokodoa macho gizani? Mimi nilikuwa naangalia pia. Niliona kichwa kwanza. Macho yamefumbwa, mdomo wazi, nilikuwa nahesabu. Kisha mabega, wazi. Mikono miwili imetanuliwa, wazi. Kuanzia kidevuni kushuka, kanga. Chini ya kanga, miguu miwili myembamba, wazi. Kaptula iko nyuma ya kanga, inafanya kazi yake, haina wa kuishuhudia. Na twiga kanikalia begani kama ananong'oneza.

Yule kijana wa projekta, Mungu amlipe anavyostahili, akakuza.

"Kuna na maandishi," akasema.

Kulikuwa nayo. Pale chini kwenye kanga, ndani ya kile kiboksi, yamenyooka sawasawa. Nilisimama sambamba na picha, kumbukeni. Kila nilichomnyooshea twiga nilikinyooshea na kanga.

Mama mmoja wa mbele akavaa miwani na kuanza kusoma, silabi kwa silabi: "I-ta-kis... aa-mat... i-ta-pis... o-paj."

"Kigiriki hicho," mtu akasema nyuma. Na mimi nawaambia nilimpenda huyo mtu. Nilitaka tukubaliane wote kuwa ni Kigiriki, tuwashe taa, tule.

"Si Kigiriki," kijana akasema. "Imegeuka. Ngoja."

Nikanyanyua mkono. Nakumbuka nilinyanyua mkono, kama darasani. Hakuna aliyeniona, giza. Akabonyeza. Twiga akageukia upande wa pili, mimi nikageuka naye, na herufi zikakaa mkao wake, ukutani, kila moja kubwa kama sufuria. Ukumbi ukasoma pamoja, wote, bila kuambizana, kwa ile sauti ya darasa la kwanza:

"JAPO SIPATI TAMAA SIKATI."

Kisha sinia likaanguka mlangoni.

"Kanga yangu hiyo!" Shangazi. "Nimeitafuta toka Jumamosi! Nimegombana na majirani! Nimemtukana mtoto wa watu!" Kisha akatazama vizuri, akasogea hatua mbili, na sauti ikashuka ikawa ya upole kabisa, ambayo ndiyo mbaya zaidi. "We mwanangu... ulikuwa unafanya nini humo?"

Hapo ndipo vicheko vilipoanza, na rafiki yangu wa mstari wa nyuma ndipo alipotoa simu.

Yaliyobaki mafupi. Taa zikawashwa, sambusa zikaokotwa, Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka na sasa ananiita Tamaa mbele za watu. Jana twiga nimempiga upya, nje, kivulini, mimi nimevaa shati jeusi la mikono mirefu na futi mfukoni. Zile kumi na moja pia nimezikagua. Kwenye soko la Kariakoo kuna kiwiko. Kwenye samaki kuna goti, ila mteja kasema anadhani ni jiwe na nimemwacha na imani yake. Shangazi anadai doti nzima, si upande mmoja, na jina liwe lilelile.

Na kaptula ninayo hapa. Ya kaki, mifuko miwili, zipu nzima. Anayebisha aje Sinza, ataikuta kambani.