Mayai ya Marehemu

Mdogo wangu wa mwisho ameniamsha leo kwa ujumbe wa sauti kutoka Dar es Salaam, akiniuliza, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, ni lini nitaacha kuzikalia mali za baba. Ninapenda ieleweke kwamba wakati ninaandika haya nimekalia kigoda, dukani kwangu Mbuyuni, hapa Moshi, ninakouza vipuri vya baiskeli, na kigoda chenyewe nilikinunua kwa fedha zangu halali, risiti ninayo. Tangu nimekuwa msimamizi wa mirathi ninatunza risiti za kila kitu, hata za chumvi.

Ninyi mliowahi kupendekezwa na kikao cha ukoo mnaijua heshima ile. Wazee wanakusifia uaminifu, unapewa kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mashangazi wanakuombea, na kesho yake asubuhi wewe ni mwizi. Hakuna anayekumbuka kwamba kikao kinapendekeza tu, kwamba anayeteua ni mahakama, na kwamba mahakama ikiona sababu inaweza kumteua mtu mwingine kabisa. Hakuna anayekumbuka pia kwamba usimamizi peke yake haukupi hata jembe moja la marehemu. Kazi yangu ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi kinachobaki na kutoa hesabu. Na hesabu hiyo ninaitoa kwa mahakama, siitoi kwa kila shemeji anayekutana nami kwenye daladala ya Kibosho.

Vurugu ilianza mapema, kwenye swali la sheria ipi itumike. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au Uislamu. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, shauri lake huenda mahakama za juu kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na mgawanyo wake hufuata sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatuhudumia, ikimpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili bila kuuliza nani wa kiume na nani wa kike. Mahakama ikitaka kujua marehemu alikuwa wa upande gani, hutazama mwenendo wa maisha yake na nia aliyoionyesha alipokuwa hai. Sasa, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mwenyekiti wa mbege siku zilizobaki. Alizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, mchungaji akiwa upande wa kichwa na wazee wenye masale, majani yetu ya kimila, upande wa miguu.

Ndipo nilipoona imani za watu zikibadilika mchana kweupe. Dada zangu, ambao kanisani huwa wanaonekana Krismasi na Pasaka, walikuwa Wakristo wa kutisha ndani ya saa moja. Kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kuvumilia harufu ya mbege, aliamka akiwa mtetezi wa mila, kwa sababu kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinamweka mtoto wa kiume wa kwanza katika daraja la juu na mabinti katika daraja la tatu. Mdogo wangu wa Dar es Salaam naye akasema mila ni sawa, ila iwe ya Kichaga hasa, ambayo nyumba ya wazazi na kihamba chake humwangukia kitinda mimba. Dada yangu wa pili akawakumbusha kwamba Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory la mwaka 1990, ilisema mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya mvua. Mvua haikuwapo.

Mahakama iliamua kwamba baba aliishi kimila, jalada likabaki Mahakama ya Mwanzo, nami nikakabidhiwa Fomu Namba 5, ambayo ndani ya miezi minne tangu uteuzi ninatakiwa kuorodhesha humo mali zote na madeni yote ya marehemu. Kwenye mahakama za juu ningepewa miezi sita ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu, lakini sisi wa mila tunaaminika kuwa tuna haraka. Basi nikapanda Kibosho na daftari, nikahesabu migomba, nikahesabu miche ya kahawa, nikahesabu ng'ombe mmoja ambaye watu watatu tofauti walishanieleza kuwa ni wa kwao. Nilipofika kwenye Peugeot 504, iliyosimama juu ya mawe tangu bei ya kahawa ilipoanguka, nikamkuta baba mdogo ameegemea mlango wake, amevaa koti la msibani.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba ndefu, kisha akasema, "Hili usiliandike, mwanangu. Hili aliniachia."

Nikamuuliza kwa heshima zote kama upo wosia. Akasema upo, tena wa mdomo, aliutoa marehemu mwenyewe jioni moja wakiwa wameketi pale pale. Sikumbishia. Wosia wa mdomo unakubalika katika mila zetu, ila kanuni zile zile za 1963 zinataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikamwomba anitajie mashahidi.

"Wa kwanza ni mimi," akasema.

Nilimweleza kwamba haipendezi mdai kujishuhudia mwenyewe, lakini kwa kuwa yeye ni mdogo wake marehemu nikamwandika kwa penseli.

"Wa pili ni marehemu."

Nikamweleza kwamba marehemu ndiye mwenye wosia, kwa hiyo hawezi kuushuhudia, na hata angeweza, mahakama ingepata taabu kumfikishia wito. Akanitazama kwa huzuni, akasema vijana wa mjini hatuna heshima kwa wafu. Wa tatu alikuwa jirani, mzee wa watu, ambaye baba mdogo alikiri kwamba jioni hiyo alikuwa amelala kwenye benchi, lakini akasisitiza kwamba alilala akiwa anasikia. Nikamwandika, na pembeni nikaweka neno "usingizi".

"Na wa nne?"

Baba mdogo akavua kofia. "Wa nne ni Mungu, ambaye haoni haya wala halali."

Ninaomba msinielewe vibaya, mimi nami nimebatizwa. Lakini fomu ni fomu. Nikamuuliza, "Baba mdogo, Mungu nimwandike upande wa ukoo au upande wa watu baki?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na aliliona shimo pande zote mbili. Akisema Mungu ni mtu baki, itamfikia mchungaji kabla ya Jumapili. Akisema Mungu ni wa ukoo wetu, jirani aliyelala anabaki mtu baki peke yake na wosia unaanguka. Alizunguka gari polepole, akapiga teke jiwe lililoshika ekseli, akasema nimesoma mpaka nimeharibika, na kwamba mahakama inaweza kutengua uteuzi wangu. Hapo alisema kweli. Mahakama ina uwezo huo ikipata sababu ya kutosha, na sina hakika kama swali la kitheolojia ni mojawapo.

Nikaliandika gari. Nilipofungua mlango kutazama namba ya chasisi, nikakuta kuku sita wametaga kwenye kiti cha dereva.

"Angalau mayai," baba mdogo akasema.

Sasa hapa ndipo usimamizi unapomtia mtu wazimu. Mali ya marehemu ikizaa baada ya kifo, kodi ya nyumba, kahawa, ndama, mapato hayo yanaingia kwenye mirathi, na msimamizi anayatolea hesabu katika Fomu Namba 6. Kama kuku ni wa marehemu, basi kila yai lililotagwa tangu mazishi lilipaswa kuwa kwenye daftari langu. Nikauliza, kwa sauti ya kiofisi, ni nani amekuwa akiyala. Wajukuu wakatazama chini. Baba mdogo akaanza kuchunguza tairi ambalo halikuwapo.

Mama akatoka jikoni. Akasema kuku ni wake, aliwanunua kwa fedha za kikundi cha akina mama, daftari la kikundi lipo kwa mweka hazina, na kwamba aliyekufa ni mumewe, yeye bado yupo. Nikafuta kuku wote sita kwenye orodha, kwa sababu mali ya mjane si mirathi ya mumewe, jambo ambalo ninatamani ukoo mzima ungelisikia siku ile badala ya kugombania sufuria zake. Kisha mama akamgeukia shemeji yake na kumtajia, bila hasira, asubuhi zote alizokula mayai mawili mawili. Baba mdogo aliondoka bila kuaga.

Mengine nisiyarefushe. Benki walitaka cheti cha kifo, barua ya usimamizi, na tabasamu. Muuza mbege mmoja ameleta deni la marehemu lililoandikwa kwa mkaa ukutani. Anataka nikaupige picha ukuta. Madeni yanalipwa kabla ya mgao, ninalijua hilo, lakini huo ukuta umepakwa chokaa mara ngapi? Nani ananilipia nauli? Nani ananilipia fotokopi? Duka ninalifunga kila shauri linapotajwa, wateja wamehamia kwa jirani, halafu mtu anakaa Dar es Salaam ananirekodia sauti!

Na sasa mkwe wetu mmoja mwenye suti ameleta wazo la kwamba tusigawe kihamba kabisa, tuunde bodi ya wadhamini wa ukoo na kuisajili RITA, wakala wa Serikali unaosajili wadhamini, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kwa kuwa sheria ya wadhamini, Sura ya 318, inawaruhusu watu waliounganishwa na undugu kufanya hivyo, na ardhi ikashikwa kwa jina la bodi. Si wazo baya hata kidogo. Watu wamelipokea vizuri mno: hakuna aliyeuliza warithi watanufaikaje wala nani atapalilia kahawa, lakini wenyeviti wamepatikana wanne, na mjadala wa muhuri umechukua usiku mzima. Wamekubaliana uwe wa mviringo. Kuhusu nani atautunza, kikao ni Jumamosi, nyumbani kwangu, na chakula nitatoa mimi, kwa sababu, wanasema, fedha za mirathi si ninazo.